Acheni Kuwasha SMB1!

Mafundi wenzangu, leo sina maneno matamu.

Kuna dawa moja mjini inayotolewa kwa kila ugonjwa wa mtandao wa ofisi. Windows haioni folda iliyo kwenye Linux? Washa SMB1. Ubuntu inakataa kupachika folda ya Windows? Ongeza vers=1.0. Bado? Zima fayawoli. Bado? Piga chmod 777. Bado tu? Mpe "Everyone" ruhusa zote. Kisha fundi anakunja nyaya zake, anapokea pesa zake, anakwenda zake. Mwenye ofisi anabaki akishukuru kwa sababu "sasa inafanya kazi".

Inafanya kazi, naam. Hata mlango uliong'olewa bawaba hufunguka bila shida.

Nasema hivi: hiyo si tiba. Ni kulitoa tatizo kwa fundi na kumtwika mteja bila kumwambia. Na la kuudhi zaidi ni kwamba tatizo lenyewe huwa dogo. Mara nyingi ni moja kati ya mambo matano, na ukisoma ujumbe wa kosa badala ya kuukimbia utalijua kabla chai haijapoa.

Haya, twende polepole.

SMB1 NI MZEE WA AINA GANI?

SMB ni itifaki ya kugawana faili na printa kwenye mtandao. Ilianzia IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi ya Barry Feigenbaum. Microsoft wakaichukua, wakaipanua, na mwaka 1996 wakaipa jina la CIFS. Ndiyo maana hadi leo kwenye Linux unaandika "cifs" hata kama mashine zako zinazungumza toleo jipya kabisa. Jina limebaki, kilichomo ndani kimebadilika.

SMB2 ilikuja na Windows Vista. SMB3 ilikuja mwaka 2012 pamoja na Windows 8 na Windows Server 2012, na ndiyo iliyoleta usimbaji wa data inapopita kwenye waya. Kwa hiyo mtu anayewasha SMB1 leo anarudi kwenye kizazi ambacho faili zako husafiri uchi.

Na uchi si jambo baya kuliko yote. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka kinachoitwa MS17-010, cha kuziba tundu ndani ya SMB1. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, miezi miwili hivi baadaye, WannaCry ikaanza kuzunguka dunia kupitia tundu lilelile. Inaingia kwenye kompyuta moja, inafunga faili zote, inadai fidia kwa bitcoin, halafu inatafuta jirani kwenye mtandao na kumwambukiza bila mtu yeyote kubofya chochote. Hospitali za umma za Uingereza zilivurugika, maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Mwezi Juni ikafuata NotPetya, nayo ikipitia tundu hilohilo kama moja ya njia zake.

Baada ya hapo wakubwa wakaamka. Mwaka 2017 kerneli ya Linux toleo la 4.13 iliacha kutumia SMB1 kama chaguo la kwanza wakati wa kupachika folda. Mwaka huohuo Windows 10 toleo la 1709 ikaanza kusakinishwa bila SMB1. Mwaka 2019 Samba toleo la 4.11 nayo ikaizima kwa chaguo-msingi.

Tazameni hapo. Watu wa Linux, watu wa Microsoft na watu wa Samba, ambao kwa miaka mingi hawakuwa wakikaa meza moja, wamekubaliana juu ya jambo moja: mzee huyu astaafu. Halafu fundi wetu anafika ofisini na flashi yake na kumrudisha kazini!

"SHIDA NI LINUX"

Hili nalo nalisikia sana. Folda isipofunguka, lawama inakwenda kwa ile kompyuta moja yenye Ubuntu pale kona. "Hizi vitu haziongei na Windows."

Si kweli, na si haki. Andrew Tridgell alianza kazi iliyokuja kuitwa Samba akiwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, miaka ya 1991 na 1992. Hakuwa na kitabu cha maelezo. Alitazama pakiti zinavyopita kati ya mashine na akajifunza lugha kwa kusikiliza, kama mtoto anavyojifunza. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliiamuru Microsoft itoe maelezo ya kuwawezesha wengine kuongea na seva zake. Microsoft wakakata rufaa, wakashindwa mahakamani Septemba 2007. Desemba mwaka huo watu wa Samba walipata nyaraka hizo kupitia shirika lililolipa euro 10,000. Mwaka 2011 Microsoft wenyewe walichangia msimbo kwenye Samba.

Yaani lugha hii ilipiganiwa, ikalipiwa, na leo nyaraka zake ziko wazi kwa kila mtu. Windows, Linux na Mac zinaongea SMB3 vizuri sana. Mac yenyewe ilihamia SMB2 kama chaguo la kwanza tangu mwaka 2013. Kama folda haifunguki, uwezekano mkubwa ni kwamba kuna mtu hakuisanidi vizuri. Tusisingizie penguini.

SOMA KOSA KWANZA

Najua kwa nini watu hawasomi. Ujumbe uko kwa Kiingereza cha ajabu, na mwingine unadanganya waziwazi. Basi hii hapa tafsiri yangu. Ichapishe, ibandike ukutani.

Kwenye Linux, unapoandika amri ya kupachika:

- "wrong fs type, bad option, bad superblock": mara nyingi hujasakinisha kifurushi cha cifs-utils. Diski haijaharibika, usihangaike. sudo apt install cifs-utils, basi.

- mount error(2): umefika kwenye seva lakini jina la folda ulilotaja halipo. Angalia majina yaliyopo kwa smbclient -L //192.168.1.10 -U akoth

- mount error(13): umebisha, mlango upo, umekataliwa. Jina, nywila au ruhusa. Hapa SMB1 haihusiki hata kidogo!

- mount error(112), "Host is down": huyu ndiye mwongo mkuu. Anasema mashine imezimika, nawe unaiona pale mezani ikiwaka taa. Mara nyingi maana yake ni kwamba pande mbili hazina toleo la itifaki wanaloelewana.

- mount error(113): hakuna njia ya kufika. Anwani, waya, au fayawoli inayokataa.

- mount error(110) au (115): pakiti zinakwenda hazirudi. Karibu kila mara ni fayawoli inayozimeza.

Na hata kosa likiwa fupi, andika sudo dmesg | tail mara tu baada ya kushindwa. Kerneli huwa imeeleza zaidi huko.

Kwenye Windows:

- 0x80070035, "njia ya mtandao haikupatikana": jina la seva halitambuliki, au mlango namba 445 umefungwa, au matoleo hayaelewani. Jaribu kwanza kwa anwani badala ya jina: \\192.168.1.10\hati

- Kosa 1326: jina au nywila si sahihi.

- Kosa 1219: tayari umeunganishwa na seva hiyohiyo kwa jina jingine. Andika net use uone, kisha ufute ule muunganisho wa zamani. Nimeona watu wakisakinisha Windows upya kwa sababu ya hili. Windows nzima!

Ukitaka kujua kama mlango uko wazi, usitegemee ping, kwani fayawoli ya Windows inaweza kuzuia ping huku ikiruhusu faili. Ubisheni mlango wenyewe. Kwenye Linux: nc -zv 192.168.1.10 445. Kwenye PowerShell: Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445. Jibu ni ndiyo au hapana. Hakuna ramli.

YALE MAMBO MATANO

Sasa nitaje wahalifu wenyewe.

1. Kutoonekana si kutokuwepo. Zamani ulifungua "Network" ukaona kompyuta zote. Orodha ile ilitegemea huduma iliyokwenda pamoja na SMB1. SMB1 ilipoondolewa, seva za Linux zikatoweka kwenye orodha, na mafundi wakapiga mayowe kwamba seva imekufa. Seva iko! Andika anwani yake moja kwa moja, au pachika folda kama herufi ya diski. Kama lazima ionekane kwenye orodha, sakinisha wsdd kwenye Linux. Ni programu ndogo inayoitangazia Windows kwamba seva ipo, kwa njia ya kisasa. Nadhani hii pekee ni nusu ya sababu za watu kuwasha SMB1, nayo ni kwa ajili ya kuona kidoti tu kwenye dirisha.

2. Nywila ya kuingilia kompyuta si lazima iwe nywila ya folda. Samba ina daftari lake la nywila. Umemtengeneza mtumiaji kwenye Linux, vizuri, lakini hujamaliza mpaka uandike sudo smbpasswd -a akoth. Kwenye Windows, ile PIN ya tarakimu nne haifunguli folda kutoka mbali. Inahitajika nywila kamili ya akaunti. Na akaunti isiyo na nywila kabisa Windows hairuhusu itumike kupitia mtandao. Kwenye Mac, ukigawa folda, lazima uweke tiki kwa jina la kila mtumiaji kwenye orodha ya Windows File Sharing, la sivyo utakataliwa hata ukiwa na nywila sahihi.

3. Windows inadhani ofisi ni mkahawa. Mtandao ukiwa kwenye hali ya "Public", Windows inafunga kugawana faili, na inafanya vizuri. Suluhisho ni kuubadilisha mtandao wa ofisi uwe "Private", basi. Kuzima fayawoli yote kwa sababu hii ni kubomoa ukuta wa nyumba kwa sababu umesahau ufunguo. Na kwenye Ubuntu yenye ufw ni mstari mmoja: sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba

4. Ruhusa zina tabaka mbili. Windows ina ruhusa za folda inapogawanywa, na ruhusa za faili zenyewe kwenye diski. Ile kali ndiyo inayoshinda. Linux hali kadhalika: smb.conf inaweza kusema ndiyo huku mfumo wa faili ukisema la. Mfano hai: tangu Ubuntu 21.04, mwaka 2021, folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya imefungwa kwa watumiaji wengine. Ukigawa folda iliyo ndani ya /home/akoth, kwa kawaida Kamau hataifikia hata ukimruhusu kwenye smb.conf. Weka hati za ofisi mahali pake, kwa mfano /srv/hati, uunde kundi, uwatie watu kwenye kundi hilo.

5. Enzi ya mgeni asiye na jina imekwisha. Ofisi nyingi zilizoea folda isiyoulizwa nywila. Windows 11 toleo la 24H2, la mwaka 2024, kwenye Pro, Enterprise na Education, inadai kila mazungumzo yatiwe sahihi na inakataa kuingia kama mgeni. Watu wakapandisha toleo, asubuhi folda ikagoma, mara "Microsoft wameharibu". Hawajaharibu. Mfungulie kila mtu akaunti yake. Dakika kumi kwa ofisi ya watu sita.

Mmeona? Kati ya matano hayo, hakuna hata moja linalodai SMB1. Hakuna hata moja linalodai 777.

NA HIYO CHMOD 777...

Hii ninaipa kichwa chake kwa sababu inanichoma. Mtu anapachika folda ya Windows kwenye Linux, faili zote zinaonekana ni za root, hawezi kuandika. Anapiga chmod -R 777 /mnt/hati. Hakuna kinachobadilika. Anapiga tena kwa sudo. Kwa kawaida hakuna kitakachobadilika, kwa sababu folda ya aina hii ruhusa zake zinapangwa wakati wa kupachika. Unachotaka ni hiki kwenye /etc/fstab, kwa mstari mmoja:

//192.168.1.10/hati /mnt/hati cifs credentials=/etc/samba/siri,uid=1000,gid=1000,file_mode=0640,dir_mode=0750,_netdev,nofail 0 0

Faili ya siri ina mistari miwili, username=... na password=..., nayo inafungwa kwa sudo chmod 600 /etc/samba/siri. Usiandike nywila ndani ya fstab yenyewe. Kila mtumiaji wa mashine hiyo anaweza kuisoma. Na lile neno nofail linakuepusha na kompyuta inayoshindwa kuwaka eti kwa sababu seva ilikuwa imezimika stima ilipopotea.

Ukimaliza, hakikisha mnaongea toleo gani. Kwenye Linux andika mount | grep cifs utafute vers=. Kwenye Windows andika Get-SmbConnection uangalie safu ya Dialect. Kwenye seva ya Samba andika sudo smbstatus. Ukiona 3.1.1, lala usingizi.

"LAKINI WEWE UNAISHI WAPI?"

Nawasikia wanaonipinga, na baadhi wana hoja.

Wa kwanza anasema: mteja ana mashine ya fotokopi ya zamani inayoskani kwenye folda, nayo inajua SMB1 tu. Hana pesa ya nyingine. Hii ni hoja ya kweli, siidharau. Lakini angalia kwanza kama kuna sasisho la mashine hiyo. Kama halipo, skani kwenye flashi au barua pepe. Kama hata hilo halifai, tenga kompyuta moja ndogo, hata Raspberry Pi, iongee SMB1 na mashine hiyo peke yake, kwenye kipande chake cha mtandao, na iwe na folda moja tu ya kupokea skani. Mzee anapewa chumba chake nje. Hapewi funguo za nyumba nzima. Kuwasha SMB1 kwenye seva yenye mishahara ya wafanyakazi kwa ajili ya fotokopi, hapana.

Wa pili anasema: mtandao wetu ni wa ndani, nani atatuingilia? Jamani. Ni nani aliye kwenye Wi-Fi yenu? Wageni wanapewa nywila ileile iliyobandikwa ukutani. Mwanafunzi wa mafunzo anakuja na laptopu yake iliyotoka saiba. WannaCry ilipoenea ofisi kwa ofisi, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuingia kwa mmoja na kuruka kwa jirani kwenye mtandao wa ndani. "Wa ndani" ndiyo ilikuwa barabara yake.

Wa tatu anasema: mteja hataki somo, anataka folda ifunguke kabla ya saa nane. Nakubali, mteja hataki somo. Lakini mteja wa kliniki anataka majina na magonjwa ya wagonjwa wake yasizagae. Mteja wa shule anataka alama zisibadilishwe na mwanafunzi mjanja aliyeunganishwa na Wi-Fi. Hakukwambia kwa sababu alidhani unajua. Ndiyo maana ya kuitwa fundi.

Tena sasa kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamdai anayeshika taarifa za watu azilinde, na data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Atakayeandikiwa barua hiyo si fundi aliyepiga 777 na kuondoka. Ni mwenye kliniki, ambaye mpaka leo anadhani 777 ni namba ya ndege.

WENYE OFISI, NANYI PIA

Siwaachii hivihivi. Mnapolipa fundi kwa kasi pekee mnanunua kasi pekee. Akija, muulizeni maswali matatu kabla hajaondoka:

Tatizo lilikuwa nini hasa? ("Mtandao ulikuwa na shida" si jibu.)

Umewasha au kuzima nini, na umeandika wapi?

Nikichomeka laptopu ngeni kwenye Wi-Fi yetu sasa hivi, inaona folda gani bila nywila?

Hilo la tatu mlijaribu papo hapo, akiwa amesimama. Kama laptopu ngeni inafungua folda ya mishahara, kazi haijaisha na bili haijaiva.

Na wewe fundi mwenzangu, kabla ya kuandika vers=1.0 safari ijayo, jaribu kwanza vers=3.0. Ikikataa, soma kosa. Likisema 13, shughulikia nywila na ruhusa. Likisema 115, shughulikia fayawoli. Likisema 112, uliza ule upande wa pili una umri gani na kwa nini bado yuko kazini. Kazi yetu ni kufungua mlango kwa mwenye nyumba, na kuhakikisha umefungwa kwa wengine. Ukifanya nusu ya kwanza peke yake, mwizi naye angeifanya.

Kazi njema, na zimeni kitu hicho.